Mlima Unauzwa kwa Siku

Basi la kutoka Dar es Salaam likishapita Same na Mwanga, abiria huanza kusahau uchovu. Likikata kona ya Himo kuelekea Moshi, wanaokaa upande wa kulia hupangusa vioo kwa viganja na kuutafuta mlima. Siku hiyo ulikuwa wazi, na kijana aliyekaa mbele yangu akamgusa mwenzake begani: "Ile pale, ofisi yetu." Alikuwa mpagazi. Alikuwa amekwenda Mbezi kumsalimia dada yake, na sasa anawahi lango la Machame, kuna wageni.

Ofisi hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani. Kilimanjaro tumeuimba, tumeuchapa kwenye chupa za maji na za bia, tumeusomesha watoto darasani. Namna unavyouzwa hatuizungumzi sana: nani anapanga bei, nani anamtafuta mgeni, nani anabeba, na hela ikishaingia inagawanywa vipi. Wapandaji ni kiasi cha watu 50,000 kwa mwaka, na tangu 1991 hairuhusiwi kupanda bila mwongozaji aliyesajiliwa. Maana yake kila anayekanyaga kule juu amepita mikononi mwa kampuni.

Moshi mjini huhitaji kuelekezwa kampuni zilipo. Kutoka stendi hadi mnara wa saa, vibao vya safari za mlimani vimebanana na vya maduka ya dawa na vibanda vya kutuma pesa. Vijana wanakusogelea kwa heshima: "Mangi, karibu, unapanda lini?" Kuna maduka yanayokodisha fimbo za kutembelea, makoti na mifuko ya kulalia. Na kuna soko la Memorial, ambako viatu vya mlimani vya mtumba vimepangwa chini kwenye maturubai. Pale ndipo mpagazi anapojivisha. Nilimwona mmoja akiingiza mkono mzima ndani ya kiatu kupima kama soli imeshikamana, akabishana bei, akaondoka, akarudi, akalipa.

Mwenye kampuni niliyopanda nayo ni mama wa Kibosho. Aliingia mlimani akiwa binti, akihudumia meza kwenye hema la chakula, akasomea uongozaji, akapandisha wageni wa watu kwa miaka kabla ya kufungua ofisi yake. Nilimwamkia, akanivutia kiti, na nilipomuuliza bei inatoka wapi alifungua daftari.

"Andika, mwandishi," akasema. "Machame, siku saba. Ada ya hifadhi kwa mgeni wa nje ni dola 70 kwa siku: 490. Kambi ni dola 50 kwa usiku, usiku sita: 300. Uokoaji 20. Hiyo ni 810. Weka VAT, asilimia 18."

Ikatoka dola 955 na senti 80. Hapo mgeni hajanywa hata chai.

"Hiyo inakwenda hifadhini yote, kampuni kubwa na ndogo tunalipa sawa. Sasa fungua simu yako utaona mtu anatangaza Machame hiyohiyo kwa dola 1,300. Ondoa za hifadhi. Zimebaki mia tatu arobaini na kitu. Humo aweke gari, chakula, gesi, mahema, mpishi, mwongozaji, wapagazi, kodi ya ofisi, halafu na yeye apate faida. Niambie wewe anakata wapi."

Nililichukua swali lake nikaenda nalo chumbani, nikalifanyia hesabu. Mgeni mmoja wa njia ya mahema huhitaji wapagazi watatu hadi wanne. Tuseme wanne. Kiwango ambacho KPAP, mradi wa kuwasaidia wapagazi wenye ofisi yake hapohapo Moshi, ulikisimamia kwa miaka mingi kilikuwa shilingi 20,000 kwa siku. Wanne kwa siku saba ni shilingi 560,000, na dola ikiwa karibu shilingi 2,500, hizo ni dola 224. Katika zile mia tatu arobaini na kitu zinabaki kama 120 za kugharamia kila kitu kingine kwa wiki nzima. Haiwezekani. Ada haikatiki, dizeli haikatiki, unga wa ngano una bei yake dukani. Kinachokatika ni ujira wa mtu, idadi ya watu, na sahani ya mtu. Biashara yote ya mlima ule inazunguka hapo, na kuanzia siku ile kila nilichokiona nilikitazama kwa hesabu hiyo.

Bidhaa inayouzwa ni siku. Marangu, yenye vibanda vya kulala vya Mandara, Horombo na Kibo, inauzwa hata kwa siku tano. Machame sita au saba. Lemosho saba au nane. Ile inayozungukia kaskazini mwa kilele cha Kibo hufika tisa. Waongozaji wa zamani bado wanaiita Marangu njia ya Coca-Cola na Machame njia ya wiski. Kimwili, siku ya ziada ni uhai. Kileleni, mita 5,895, kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata Tanga, na mwili unahitaji muda wa kuzoea. Kibiashara, siku ya ziada ni ada nyingine, vyakula vingine, mishahara mingine. Kwa hiyo muuzaji wa bei ya chini husukuma siku chache, na mgeni hununua siku chache akidhani amepata nafuu, kumbe amejinunulia maumivu ya kichwa na uwezekano mkubwa wa kugeuka njiani.

Halafu kuna anayeuza kabla ya Moshi. Wageni wengi hulipa kwa wakala wa London, Berlin au Toronto, na wakala naye humkabidhi mgeni kwa kampuni ya Moshi au Arusha. Nembo kwenye begi ni ya ng'ambo, mahema ni ya hapa. Mama wa Kibosho hana ugomvi na mawakala. Wanamletea makundi yaliyokwisha kulipa, na katika mwezi mbaya ndio wanaomwokoa. Kinachomuuma ni kwamba wakala hupanga bei ya kumlipa yeye kwa kulinganisha kampuni nne, na anayesema ndogo ndiye anayechukua kundi. Anayelipa fedha nzuri Ulaya anaweza kabisa kupandishwa na watu wanaolipwa vibaya, wala asijue.

Wanaouza wenyewe moja kwa moja wanategemea sifa za mtandaoni. Nilisoma nyingi usiku ule. Mgeni husifia supu, husifia nyimbo, humtaja mwongozaji kwa jina na upole wake. Ni nadra sana kukuta aliyeandika wapagazi walilala wapi, kwa sababu saa hizo yeye ameshafunga zipu ya hema lake. Picha inayouza kuliko zote ni ile ya kibao cha kilele cha Uhuru, na tangu TTCL ilipopeleka intaneti mlimani mwaka 2022, kwanza Horombo na baadaye kileleni, picha hiyo hufika kwa ndugu wa mgeni kabla mgeni mwenyewe hajaanza kushuka. Kampuni hazijawahi kupata tangazo la bure kama hilo.

Lango la Machame asubuhi linafanana na mnada wa ng'ombe: magari, matope, majina yanaitwa, watu wanaotazama kwa macho ya kutathmini. Kundi letu lilikuwa la Wajerumani na Wakanada, mimi nikiwa Mtanzania peke yangu upande wa wageni, kwa ada ya shilingi ambayo ni ndogo sana ukiilinganisha na yao. Wao walikaa kwenye mabenchi na vikasha vya chakula. Mimi nikaenda kwenye mizani.

Kikomo cha hifadhi ni kilo 20 kwa mpagazi. Mizigo hutundikwa kwenye ndoano mmoja baada ya mwingine: begi la mgeni, ambalo kampuni yetu haikuruhusu lizidi kilo 15, mahema, mtungi wa gesi, viti vya kukunja, gunia la viazi na karoti, trei za mayai zilizofungwa kwa kamba za mpira, na choo cha kubebeka chenye mpagazi wake maalumu. Askari wa hifadhi anasoma, karani wa kampuni anaandika. Kiroba kimoja kilisoma 22. Mpishi akakifungua palepale, akatoa vitunguu na makopo mawili ya maziwa ya unga, akatazama huku na huku nani ana nafasi. Hakukuwa na mwenye nafasi. Mkuu wa wapagazi akanyanyua mkono kuelekea uzio, ambako vijana zaidi ya hamsini walikuwa wamesimama tangu alfajiri wakingoja hasa mkono huo, na mmoja akaja mbio, ngata ameshaikunja. Amepata safari ya wiki nzima kwa sababu ya kilo mbili za vitunguu.

Wale waliobaki kwenye uzio ndio akiba ya biashara hii. Mpagazi haajiriwi kwa mwaka. Anaitwa kwa safari. Wageni ni wengi Januari hadi Machi na Juni hadi Oktoba, na masika ya Aprili na Mei lango hukauka. Akiba hiyo ndiyo inayomwezesha mwenye kampuni mbaya kumwambia mtu achukue 10,000 au akae. Wapo wanaochukua. Ningekuwa na karo ya mtoto inayodaiwa, na mimi ningechukua.

Wao wenyewe hujiita wagumu. Msituni walitupita kimyakimya, mizigo kichwani, mikono huru, na tulipofika kambini mahema yalikuwa yamesimama na maji ya kunawa yanatoa mvuke kwenye mabeseni. Huduma hii wageni huiita ya ajabu, na ni kweli. Lakini ajabu yake ina ratiba: mpagazi huondoka kambini baada ya mgeni na hufika kabla yake, akiwa amevunja kambi moja na kuijenga nyingine.

Katika kambi ya Shira ndipo nilipohamia jikoni. Hema la jiko ni la turubai nzito, ndani majiko mawili ya gesi yananguruma, na mpishi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kama yuko kwao. Kwa wageni zilitoka bisi na chai saa kumi, kisha supu ya maboga, samaki wa kukaanga, wali, matunda yaliyokatwa kwa mapambo. Kwa sisi wengine ulisongwa ugali mkubwa, kabichi na dagaa, uliotosha kila mtu akashiba na mwingine ukabaki. "Angalia hiki," mpishi akaniambia, akinionyesha ugali uliobaki. "Kampuni ukitaka kuijua usiulize habari ya mgeni amekula nini."

Hatua chache kutoka kwetu kulikuwa na kambi ya kampuni nyingine, yenye nembo nzuri na hema la kulia kubwa kuliko letu. Saa mbili usiku, baridi imeshaanza kugandisha umande juu ya majani, wapagazi wao walikuwa wamesimama nje ya hema hilo, mikono kwapani, wanarukaruka kidogo kidogo. Nilidhani wanasubiri chakula. Walikuwa wanasubiri wageni wamalize kahawa na mazungumzo, kwa kuwa hema la kulia ndimo walimokuwa wanalala. Kampuni yao haikubeba hema la wapagazi. Hema moja pungufu ni mpagazi mmoja pungufu wa kulipwa. Ndani, wageni walikuwa wanacheka, watu wema bila shaka, ambao wangenyanyuka mara moja laiti wangejua nani anasubiri viti vyao. Hakuna aliyewaambia. Nilikasirika usiku ule na mpaka sasa sijatulia.

KPAP, iliyoanza 2003, ilizaliwa kutokana na mambo ya namna hii. Huwaazima wapagazi makoti na viatu bure, na ina utaratibu wa kuwa na mpagazi ndani ya safari anayetoa taarifa: walilala wapi, walikula mara ngapi, walilipwa kiasi gani na siku gani. Kampuni zinazokubali kukaguliwa hivyo huwekwa kwenye orodha, na orodha hiyo imekuwa chombo cha biashara chenye nguvu, kwa sababu baadhi ya wageni huanza kutafuta kutokea hapo. Mama wa Kibosho alipojiunga alilazimika kupandisha bei, na anasema mwaka ule alipoteza wageni. Akawapata wengine, waliobaki naye na kumletea ndugu zao. Naamini njia hii kuliko kanuni za makaratasi, kwa kuwa inaweka usingizi wa mpagazi ndani ya sifa ya bidhaa, na mfanyabiashara hulinda sifa ya bidhaa yake kwa bidii asiyoiweka kwenye waraka wowote.

Jambo hili ni la zamani kama upandaji wenyewe. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni mwaka 1889 na vitabu vikajaa majina yao. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kama mwongozaji wa safari hiyo, aliishi hadi 1996, na heshima yake ilimfikia uzeeni.

Kambi ya Karanga ilinifundisha thamani ya maji. Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, iko mita 4,673 na haina chemchemi. Maji yote ya huko, ya supu, ya chupa za wageni, hata ya kunawa uso, huchotwa bonde la Karanga na kubebwa kichwani hadi juu. Niliandamana na wawili waliobeba madumu. Mmoja, mtu wa Uru, ana migomba na kahawa kidogo nyumbani. Mwaka 2020 wageni walipokatika alirudi shambani kabisa, akafuga nguruwe, akaona kumbe anaweza kuishi. "Ila nguruwe hawana bahasha," akasema, akimaanisha ile ya wageni mwisho wa safari.

Nilimuuliza kuhusu gari la kamba, lile ambalo Serikali ilitangaza mwaka 2019 kwamba inalifikiria. Akatua dumu. Wapagazi walilipinga tangu mwanzo na sababu yao ni nyepesi kueleza: mgeni anayepelekwa juu na kurudishwa siku hiyohiyo hahitaji hema, mpishi wala mbeba maji. Wanaolitaka husema lingeleta wazee, walemavu na wenye muda mfupi, na hoja hiyo ina uzito wake. Lakini utalii wa Kilimanjaro unalisha watu wengi kwa sababu ni wa polepole. Siku saba za mgeni mmoja zinapita mikononi mwa watu saba au wanane, kila mmoja na nyumba yake kule Kibosho, Uru, Machame na Rombo. Ukiufupisha, hela itaingia haraka zaidi na itafika kwa wachache.

Kilele sitakieleza sana. Walioeleza ni wengi. Tuliondoka Barafu usiku wa manane, jua likatukuta karibu na eneo la Stella, na Uhuru tulipanga foleni ya kupiga picha kwenye kibao. Mkanada mmoja alilia. Mwongozaji wetu msaidizi alikuwa amembebea begi lake dogo tangu saa tisa, akimwimbia kwa sauti ya chini. Pale juu nilimkumbuka Alexander Nyirenda, aliyewasha mwenge mahali hapo usiku wa Uhuru wa 1961. Kampuni kadhaa sasa hutumia tarehe 9 Desemba kuwauzia Watanzania, na ofisi, benki na vyuo hupeleka makundi yenye fulana zao na mabango. Faida yake kwa kila mtu ni ndogo kwa kuwa ada ni ya shilingi, lakini makundi hayo hujaza wiki ambazo zingekuwa tupu, na mtu wa Mwanza akirudi na cheti chake cha hifadhi huwashawishi wenzake kazini.

Kambi ya Mweka, wakati wa kushuka, ndiko bahasha hutolewa. Kampuni nyingi humwachia mwongozaji mkuu agawe, na humo mwenye mkono mrefu hujipatia zaidi. Yetu ilifanya hadharani. Wafanyakazi wote walisimama nusu duara, na Mjerumani mmoja akasoma kwenye karatasi: mwongozaji kiasi gani, wasaidizi, mpishi, kila mpagazi. Sarafu ilitajwa, jumla ikatajwa. Kijana wa vitunguu alikuwa anahesabu kwa midomo. Zikaimbwa nyimbo, na safari hii nilizisikia tofauti, maana waimbaji walishajua wanachopeleka nyumbani.

Hata hivyo bahasha si mshahara, na kampuni zinazomwambia mpagazi "utapata kwa mgeni" zinamhamishia mgeni mzigo wao. Mshahara wenyewe nilikwenda kuuona siku iliyofuata ofisini Moshi. Wapagazi waliingia mmojammoja, wakasaini kwenye kitabu, wakapokea, wakahesabu mbele ya karani. Kijana wa vitunguu alisaini kwa herufi kubwa. Mama wa Kibosho alimuuliza jina la baba yake na kijiji, akaandika namba yake ya simu kwenye ukurasa wa wapagazi wa kudumu, kisha akamuuliza kama ana viatu vya kufaa Lemosho.

"Nitakuwa navyo, mama. Lini?"

"Jumamosi. Wageni tisa, siku nane. Saa kumi na mbili uwe hapa."

Akatoka moja kwa moja kuelekea Memorial.